Daku la Watu wa Mkonge

Siku niliyoripoti kazini Mazingara, Mwalimu Mkuu hakunionyesha jiko. Nilikuwa nimeshuka kutoka Dindira siku iliyotangulia, msichana wa milimani mwenye sweta zito, na joto la Handeni lilikuwa limenitoa jasho usiku kucha. Nilikuwa nimeajiriwa mpishi msaidizi katika shule ya bweni. Nilitegemea kuonyeshwa meko na stoo. Badala yake mzee yule alinitangulia hadi kwenye dirisha la darasa, akaniambia nichungulie.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona wanafunzi wanasoma, Mwalimu."

"Tazama vizuri."

Nikatazama. Ilikuwa katikati ya asubuhi. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaandika ubaoni, na wanafunzi wa mbele walikuwa wananakili. Nyuma yao vichwa vilikuwa vimeegemea viganja. Msichana mmoja alikuwa amekodolea ubao macho makavu, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama, na chaki ilipokatika kwa kishindo hakushtuka.

"Mimi nafundisha watu waliokula," alisema Mwalimu Mkuu. "Asiyekula nafundisha dawati lake. Nenda sasa jikoni."

Nimepika kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na nimestaafu nikiwa mkuu wa jiko. Vijana wakiniuliza mpishi anajifunza nini, huwa nawaambia waanze na dirisha lile.

Jikoni Mazingara alikuwapo Mpishi Mkuu, mama wa Kizigua tuliyemwita Mama Zaina. Asubuhi shule ilikuwa inakunywa uji wa sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa hadi yakabaki meupe, na sukari nyingi. Mama Zaina alikuwa ameshawasemesha wakubwa kuhusu uji ule, na mwaka nilioanza ndipo walipomkubalia kubadili. Tukaacha kukoboa. Unga wa dona ukabaki na kiini chake na ngozi yake, tukauchanganya na karanga zilizotwangwa, na tukaanza kutengeneza kimea. Kimea ni nafaka iliyooteshwa. Unaloweka ulezi, unaufunika kwa gunia bichi mpaka uchipue, unauanika, kisha unausaga. Kijiko cha kimea ukikitia kwenye sufuria la uji mzito, uji unalegea mbele ya macho yako kama umeongezwa maji, na unaweza kuutia unga zaidi bila mtoto kushindwa kuunywa.

Mara ya kwanza nilipouona uji ukilegea vile nilitoa mwiko, nikasimama. Mama Zaina akacheka.

"Umeona uchawi?"

"Nimeona, mama."

"Bado. Subiri wanywe, halafu nenda dirishani kwako."

Nilisubiri, siku baada ya siku. Badiliko halikuja kwa kishindo. Siku moja tu, nikipita na ndoo ya maji, nilisikia darasa likibishana na mwalimu. Kumi kwa wakati mmoja walikuwa wanataka kujibu, na msichana wa kalamu iliyosimama alikuwa amenyanyuka kabisa kwenye dawati, mkono juu, anaomba aitwe. Ndoo ilinielemea, lakini sikuweza kuondoka. Nilijiuliza imekuwaje kitu nilichokoroga mimi kwa mwiko, kikapita tumboni, kikafika mahali ambapo mtu anafikiria. Swali hilo sijalimaliza hadi leo.

Niliolewa na mtu wa njia ya reli, tukahamia Mnyuzi. Huko nikapata kazi katika jiko la kiwanda cha mkonge. Nieleze kidogo kiwanda kilivyo, kwa kuwa vijana wengi wa siku hizi wanauona mkonge kando ya barabara tu. Majani yanaletwa kutoka shambani yakiwa mabichi, yana miiba nchani na uzito wa kutosha. Yanapangwa juu ya meza ndefu yenye mkanda unaotembea. Mwisho wa mkanda kuna minyororo inayoyabana majani na kuyavuta ndani ya mashine, ambako ngoma yenye visu inayakwangua mpaka zibaki nyuzi nyeupe, tunazoziita singa. Mashine hiyo wafanyakazi waliiita korona, jina la tangu enzi za babu zao, kabla ya ugonjwa wowote kuitwa hivyo. Wanaoyapanga majani mezani ndio walishaji. Mlishaji anafanya kitu kilekile kuanzia asubuhi hadi alasiri, na mikono yake haiko mbali na minyororo. Akipotea mawazo kidogo, hapati nafasi ya kurekebisha.

Mlishaji mkuu alikuwa Mzee Rajabu. Baba yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, naye alizaliwa kambini palepale. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwa na kovu hata moja mikononi. Watu walikuwa wanawaonyesha wageni mikono yake kama wanavyoonyesha jengo.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani iliangukia kwenye miezi ya joto kali. Ramadhani iliyopita mfungaji mmoja alikuwa ameanguka kwa kizunguzungu hatua chache tu kutoka kwenye meza. Kwa hiyo mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, ulipoingia Meneja Kiwanda akaitisha mkutano uwanjani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshawapeleka watu hospitali Korogwe wakiwa wameshikilia vitambaa vyenye damu, na nadhani jambo hilo lilikuwa halimtoki kichwani.

"Mwaka huu," alisema, "yeyote atakayefunga atatoka kwenye korona. Atakwenda kupalilia au kuanika singa mpaka Idi. Sitaki mkono wa mtu."

Zaidi ya nusu ya walishaji walikuwa Waislamu. Mzee Rajabu akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Meneja, kazi hii nimeifanya nikiwa nimefunga tangu ujana. Ukinitoa mezani kwa sababu ya saumu, umeniambia nichague kati ya Mungu na mashine."

"Mzee Rajabu, mimi nachagua kati ya nafasi yako mezani na mkono wako."

"Mkono ni wangu."

"Na mashine ni dhamana yangu."

Sikuwahi kuwasikia watu wawili wanaoheshimiana wakikabiliana namna ile. Niliona watu wakitazama chini. Mlishaji anayepelekwa kupalilia anarudi akiwa mtu mwingine, hata kama mshahara ni uleule. Ingekuwa pia kuwatenga Waislamu na Wakristo kwa amri katika meza ambayo wote walikuwa wamesimama bega kwa bega tangu enzi za wazazi wao.

Aliyeomba nafasi ya kusema alikuwa Tabibu wa zahanati ya shamba, bwana mmoja mfupi ambaye hakupenda mikutano.

"Meneja, yule aliyeanguka mwaka jana nilimtibu mimi. Nilimuuliza alikula nini daku. Akaniambia chai na andazi. Aliingia kazini akiwa na njaa tangu asubuhi. Kabla hujawatoa, nipe muda niangalie wanakula nini. Kama hawatakuwa macho nitakuambia mwenyewe uwatoe."

Meneja alifikiri. "Utajuaje kama wako macho?"

"Nitawapima."

Baada ya mkutano Tabibu alikuja jikoni, akavuta kigoda. "Mama Neema," alianza, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "hii kazi ni yako kuliko yangu. Nitakueleza ninachokijua, wewe ujue cha kupika."

Maelezo yake nayakumbuka kama niliyasikia jana. Alisema ubongo ni kitu kidogo lakini ni mlaji mkubwa, na hauna ghala. Unakula ukiwa kazini, unakula ukiwa umelala. Ukiupa sukari tupu unachangamka upesi, kisha unabaki mkavu. Ukiupa nafaka isiyokobolewa pamoja na kunde, karanga au yai, chakula kinashuka polepole na kuulisha kwa saa nyingi. Alisema mtu aliyepungukiwa maji anaanza kukosea kabla hajasikia kiu kubwa. Na alinieleza jambo lililonishtua zaidi, kwamba wengi wanaoumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani hawaumwi na njaa peke yake. Wanaumwa na chai. Mwili uliozoea chai nyeusi mara nne au tano kwa siku, ikikatwa ghafla, kichwa kinagonga.

Mimi nilizaliwa ndani ya chai. Mama yangu aliichuma kule Dindira, kikapu mgongoni, mpaka vidole vyake vikabadilika rangi. Sikujua kwamba jani lile lililokuwa likinikwaruza miguu utotoni lina nguvu ya kumwamsha mtu na tena nguvu ya kumdai akiliacha. Nikasahau kukoroga, na maharage yakaanza kuungua.

Tukapanga. Shaabani yote walishaji wapunguze chai kidogo kidogo, kikombe kimoja kimoja, ili Ramadhani iwakute wameshazoea. Kuhusu daku, nilimwomba Meneja jambo moja. Kila mfanyakazi alikuwa na sehemu yake ya chakula cha mchana, na mfungaji haili. Nikaomba wafungaji wapewe sehemu hiyo ikiwa mbichi, waende nayo nyumbani: dona, kunde, karanga na mayai. Alikubali bila kubishana. Alisema tu, "Nitakuwa naangalia."

Ikabaki kuwaona wanaopika daku lenyewe. Nilianza kwa mke wa Mzee Rajabu, Bi Mwanaidi. Nilimkuta anachambua mchunga, ile mboga chungu inayoota yenyewe mashambani.

"Karibu, Mama Neema. Nimesikia," alisema kabla sijakaa. "Wewe Mkristo wa Dindira umekuja kunifundisha daku?"

"Sijaja kukufundisha, dada. Nimekuja kukuuliza unampikia nini mzee."

Akapumua. "Chai na kipande cha mkate. Si kwamba sitaki kumpikia. Nikimwekea ugali ananiambia tumbo bado limelala."

"Na uji?"

"Uji mwepesi hausaidii. Mzito haumezi."

Nikamweleza kimea. Alinisikiliza huku mikono inaendelea na mchunga, kisha akasema bibi yake alikuwa akikitengeneza, ila yeye alidhani ni cha pombe tu. Tulikiotesha pamoja wiki ile, uani kwake, na wanawake wa jirani wakaja kuangalia. Tulipokitia kwenye uji wa dona na karanga, na uji ukalegea, nilimwona Bi Mwanaidi akifanya nilivyofanya mimi Mazingara. Alitoa mwiko, akasimama.

Maji nayo tulikubaliana yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, kwa kuwa mtu akibugia mengi mara moja mwili unayatoa. Dagaa wa chumvi waachwe kwa ajili ya futari. Na futari yenyewe iwe tende, uji, viazi vitamu na mbaazi, na mboga za majani zisikose.

Ramadhani ikaingia. Kila siku, saa za mchana ambapo wengine wanakula, Tabibu alisimama mlangoni mwa kiwanda na rula ya mbao. Anaishika juu, mlishaji anaweka kidole gumba na cha shahada chini yake bila kuigusa, halafu Tabibu anaiachia ghafla. Aliye macho anaidaka karibu na mwanzo. Aliyechoka anaidaka mwishoni, au inaanguka chini. Siku ya kwanza watu walicheka sana. Siku za baadaye walipanga foleni wakiwa makini kama wanaenda kupiga kura. Aliyeikosa alipumzika kivulini, akajaribu tena, na akishindwa alikwenda kuanika singa kwa siku hiyo tu. Wasiofunga nao walipimwa, na baadhi yao waliikosa. Meneja hakutegemea hilo, na wala mimi sikutegemea.

Nami nilijipima. Asubuhi niliyoondoka nyumbani na chai kavu, rula ilinipita kama ndege. Kesho yake, nikiwa nimekunywa uji wa Bi Mwanaidi, niliidaka. Kidole ni kilekile, mtu ni yuleyule. Niliitazama mikono yangu kama ya mgeni.

Ilikuwa alasiri ya siku za katikati ya mfungo, joto limekaa juu ya mabati. Nilikuwa nimeleta ndoo za maji kwa wasiofunga, nikasimama pembeni ya meza. Mzee Rajabu alikuwa upande mmoja, na mbele yake, karibu na minyororo, alikuwa Yohana, kijana wa Kibena, mwenye nguvu na aliyekuwa amekula chakula chake cha mchana kizima. Hakuwa anasinzia. Alikuwa ananyoosha jani lililokaa upande, kama walivyofanya kila siku, na mwiba wa jani ukashika mkono wa ovaroli lake. Jani likabanwa na minyororo. Ovaroli likalifuata jani.

Mimi niliona tu Yohana ameinama. Sikuelewa. Watu waliokuwa karibu yake kuliko Rajabu hawakuelewa pia. Yohana mwenyewe hakupiga kelele, mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti. Lakini Mzee Rajabu alikuwa tayari ameshaivuta kamba ya kusimamishia mashine. Nikasikia ngoma ikipoteza mlio wake, ikizunguka kwa uchovu, ikinyamaza. Ndipo sisi wengine tukakimbia.

Fundi Mkuu aliirudisha minyororo nyuma kwa mkono. Mkono wa Yohana ulitoka umechunika ngozi hadi karibu na kiwiko, vidole vyote vipo, vinasogea. Tabibu alimfunga bendeji palepale sakafuni. Yohana alikuwa anavitazama vidole vyake, anavikunja na kuvikunjua, na machozi yanamtoka.

Meneja alifika mbio, akaangalia mkono, akaangalia mashine, akamgeukia Mzee Rajabu.

"Uliona nini?"

"Niliona jani linavuta kitambaa," alijibu mzee. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepauka. "Nilikuwa naangalia tu, Meneja. Kila jani nalijua lilivyolala."

Meneja alivua kofia yake, akaishika kifuani, nasi sote tukasimama pale kando ya mashine iliyozimwa. Nimeingia makanisani mara nyingi, lakini ukimya kama ule wa kiwandani sijaukuta tena.

Jioni ile wafungaji walifuturu uwanjani badala ya kwenda nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuachana na mwenzake. Bi Mwanaidi na wanawake wa kambi walileta masufuria. Meneja alikuja kwa miguu, akaomba nafasi mkekani karibu na Mzee Rajabu, akapewa tende.

"Mwaka ujao sitaitisha mkutano," alisema.

"Uitishe," Mzee Rajabu akamjibu. "Utukumbushe kupunguza chai."

Nilimuuliza Tabibu baadaye kama ni uji uliomfanya mzee aone. Alikuwa mtu wa kweli, hakunidanganya. "Hatuwezi kujua, Mama Neema. Rajabu ni Rajabu. Pengine angeona hata kwa chai na mkate." Akaongeza, "Lakini mimi nisingependa kujaribu."

Rula ile ilibaki mlangoni kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Kuna walioumia, siwezi kusema hawakuwapo. Uji wa dona na karanga ukawa wa wote kabla ya zamu, na mimi nikapandishwa hadi kuwa mkuu wa jiko. Mameneja walibadilika, mmoja akaja kutoka Dar es Salaam akitaka kuokoa muda kwa kuwapa watu soda, naye alipimwa kwa rula akiwa amekunywa soda yake. Hakuzungumzia soda tena.

Nilipostaafu nilirudi Dindira kwa muda kumtunza dada yangu mkubwa, Ruthi. Alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Ananiita kwa jina la mama, ananiuliza treni ya wageni imeondoka saa ngapi, na Dindira hakuna treni. Aliyekuwa anamlea, kwa nia njema, alikuwa amempunguzia maji ili asihangaike kwenda chooni, na alikuwa anampa chai na biskuti, kwa kuwa ndizo alizokubali bila ugomvi.

Nilianza upya, kama Shaabani. Maji kidogo kidogo, kikombe kikiwa karibu naye siku nzima. Uji wa kimea asubuhi. Yai, mnavu, maharage yaliyopondwa, parachichi la uani. Mganga wa kituo cha afya aliniambia wazi kwamba ugonjwa wa dada hauponi kwa chakula, na nilimwamini. Ila alisema mwili ukikauka unaongeza giza juu ya giza, na hilo la juu linaweza kuondolewa.

Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa tumekaa mlangoni, namlisha. Mashamba ya chai yalikuwa yanaonekana vipande vipande, yanapotea, yanaonekana tena. Ruthi akaacha kutafuna. Akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kwa macho niliyokuwa nikiyajua tangu nilipoanza kujua macho ya mtu.

"Eliza," alisema. "Umezeeka, mdogo wangu. Umekuja lini?"

"Nimekuja siku nyingi, dada."

"Mbona hukuniamsha?"

Kisha akauliza habari za Neema, akauliza kama mume wangu bado anakohoa, naye alishafariki, nikamwambia ametulia. Alicheka kitu alichokikumbuka kuhusu mama na kikapu chake cha chai, akanisimulia chote, mwanzo mpaka mwisho, na hakukosea hata jina. Kisha ukungu ukapanda, yeye akaugeukia, na alipoyarudisha macho aliniita mama.

Nikafuta mdomo wake. Bakuli lilikuwa bado na uji wa vuguvugu, nikachota kijiko kingine.